Kila Jumatatu Korongoni

Mama Tiketi, kama walivyomwita pale getini, alikata tiketi za hifadhi ya jangwa kwa miaka kumi na tatu, na mumewe akiwaongoza wageni. Kiangazi cha mwaka juzi mumewe alirudi nyuma kumtafuta mgeni aliyepotea. Mgeni alijitokeza mwenyewe. Mwongozaji hakuonekana tena. Walimsaka siku tisa, kisha mkuu wa hifadhi akafunga jalada.

Tangu hapo, kila Jumatatu, siku isiyo na wageni, mama huyo alitoka saa kumi na moja alfajiri pamoja na shemeji yake, askari wa doria. Walipekua korongo moja kabla jua halijawa kali, wakageuza.

Jumatatu hiyo shemeji hakumtania hata kidogo.

"Una nini leo?"

"Nimehamishwa, shemeji. Jumamosi naondoka. Na mkuu kasema bila askari hupiti geti."

Mama Tiketi aliongeza mwendo, mpaka yule askari mwenye miguu mirefu akawa anahema nyuma yake.

Korongoni mchanga ulikuwa ungali wa baridi. Chini ya mwamba kitu cha bluu kikamvuta jicho. Alipiga magoti, akafukua kwa vidole. Chupa ya maji. Ya mumewe ilikuwa na waya kwenye kizibo, ambao mume aliuzungusha mwenyewe kwa koleo. Hii haikuwa na waya.

"Tugeuze," shemeji akasema. "Jua hilo."

"Bado kona moja."

"Na wiki iliyopita ulisema kona moja." Akaketi juu ya jiwe. "Mimi namtafuta kaka yangu huku naomba nisimwone. Nikimkuta sijui nitafanyaje."

"Mimi hata mfupa mmoja ungenitosha."

Walipiga ile kona. Mchanga, mawe, basi. Saa tatu walikuwa getini, midomo imekauka, kila mtu akashika njia yake.

Nyumbani mama mkwe alikuwa kitandani akikunja nguo.

"Mmemwona?" aliuliza, kama anayeulizia mkate dukani.

Siku zote alimjibu, bado, mama. Leo akaegemea mlango.

"Hatutamwona, mama. Imekwisha."

Mama mkwe alilinyoosha shati la mwanawe, akalipanga juu ya mengine.

"Basi Jumatatu ijayo," akasema.

Mama Tiketi akaenda kuvua viatu.