Kitanda Kilichonyamaza

Enzi za Wabelgiji mume wangu alikuwa fundi wa meli za mtoni. Kitanda chetu cha chuma, pale nyumbani Tshopo, alikiunga mwenyewe kwa bolti alizookota kwenye mabaki ya karakana. Hakuokota ovyo. Aliziloweka kwenye kopo la mafuta taa, akazikausha, kisha akazungusha nati kwa vidole huku mimi nikitazama.

"Mama, ikienda mupaka mwisho bila spana, iko muzima. Ikikwama katikati, ilivutika. Tupa."

Nilimwambia anachagua bolti kwa makini kuliko alivyochagua mke. Akacheka.

Hata hivyo, kitanda kililia kila mtu akigeuka. "Nitakaza kesho," alisema, na kesho hiyo ikachukua miaka. Mganga hajigangi.

Kisha kifua kikamshika. Akakonda, mwishowe hata sauti ikakauka. Kila mara kitanda kilipolia niliacha mchi uani nikaja, nikamkuta macho wazi, nikampa maji. Nilikichukia kitanda kile. Niliamini ndicho kinachomwamsha, mgonjwa wa watu.

Asubuhi moja nilichukua spana yake, nikapiga magoti, nikakaza bolti zote nne. Alinyoosha mkono akawa anautikisa. Nilidhani ananielekeza niongeze, nami nikaongeza.

"Sasa utalala, papa," nilimwambia.

Siku iliyofuata nilitwanga pondu, majani ya muhogo, uani. Kimya cha chumbani kilinifurahisha, nikatwanga polepole nisikiharibu. Nilipoingia, kikombe kitupu kilikuwa sakafuni, na mkono wake ulining'inia ukingoni mwa kitanda, umeshapoa. Shuka yote ilikuwa imejikunja chini ya mgongo wake. Alikuwa amejitikisa sana. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba muda wote ule, kwa kile kitanda, alikuwa akiniita.

Kwetu kitanda cha marehemu hufunguliwa kikatolewa nje, ili watu wakae matanga. Shemeji yangu, mdogo wake, alihangaika na spana mpaka shati likalowa, na bolti hata moja haikulegea.

"Muone vile yaya alikaza," aliwaambia watu kuhusu kaka yake, machozi yakimtoka. "Alikuwa fundi kweli."

Wanawake waliokuwa nami mkekani wakaitikia. Sikumsahihisha. Nilikuwa nimekaza mimi, kwa mikono miwili na uzito wangu wote.