Kioo Kisichotulia

Mchapaji wa ratiba za mazishi ana kilaptopu cha bei poa, kile cha kukunjwa mpaka kikasimama mezani kama hema, kioo kikimtazama mteja. Bawaba moja imelegea, kwa hiyo nyuma hukiegemeza kwa kopo la gundi. "Gusa tu picha unayoitaka," huwaambia wafiwa, kwa sauti iliyokwisha ladha. Pole hampi mtu. Anasema watapewa na wengine za kutosha. Wakiondoka, huchukua kitambaa cha njano msumarini, akafuta alama za vidole huku akinung'unika kwamba watu wana mafuta mikononi hata msibani.

Leo mama mmoja aliigusa picha ya mwanawe shavuni, taratibu, kama anayempangusa vumbi. Picha ikateleza, ikaja nyingine, ya gari. Mchapaji akairudisha. Mama akagusa tena, ikakimbia tena.

"Mbona hatulii?" mama akauliza. "Ndivyo alivyokuwa tangu mdogo."

Mchapaji alikuwa na lake la kusema kuhusu vidole, akalimeza. Akakivuta kilaptopu, akakiweka kioo kisisikie tena mguso, akaikuza picha ikajaa kote. "Sasa atatulia, mama."

Mama akampapasa mwanawe paji la uso, masikio, kidevu. Picha haikusogea. Mlangoni watu waliosubiri zamu walianza kukohoa. Mchapaji akawakazia macho mpaka wakaacha.

Mteja aliyefuata alikigonga kioo kwa kidole, akasema kimekufa. Mchapaji hakubisha. Akamsogezea kipanya, na kitambaa cha njano kikabaki msumarini.