Vitenge Vilivyonyamaza

Huku Old Kampala, anayetaka kutenganisha kitenge halisi cha nta na cha kubabaisha humpelekea Mama Julienne. Mama huyu hakitazami hata kidogo. Hukisogeza sikioni, hukifinya kama anayekamua ndimu, akatega. Kikichakacha, ni kitenge. Kikinyamaza, ni tambara. Ujuzi huo alitoka nao Bukavu, kaurithi kwa mama yake, na hachoki kuwakumbusha wateja kwamba katika ukoo wao hajazaliwa mtu wa kudanganywa kwa nguo.

Ndiyo maana Oloo, Mkenya anayemletea mzigo kutoka Nairobi, alipofungua robota jipya na vitenge vikakaa kimya, Mama Julienne aliwaka.

"Oloo! Umeniletea maiti?"

"Maiti gani, Mama? Ni mzigo uleule wa siku zote."

"Ule uliimba. Huu umekufa. Uondoe kabla haujaninukia dukani!"

Aliyasema hayo akiwa mlangoni, mtaa mzima ukisikia. Oloo akafunga robota lake, uso umemvimba.

"Jina langu umelichafua mbele za watu. Jumamosi nitapita tena. Usipolisafisha hapahapa, tumeachana."

Mama Julienne akaenda kununua kwa wengine. Maiti watupu! Jioni akatoa sandukuni kitenge chake cha arusi, kile ambacho kanisani kiliamsha watoto kila alipopiga magoti. Akakifinya. Kimya. Akakaa kitandani, akayashika masikio yake.

Kesho yake akashuka, akijifanya anapita tu, hadi kwa Nabangala, mtafiti wa chuo kikuu aliyekuwa akiwapima wafanyabiashara masikio kwenye zahanati ya jirani. Akavishwa vipokea sauti na kupewa kitufe cha kubonyeza kila asikiapo mlio. Mama Julienne akakaza macho kwenye nyusi za binti yule, zikiinuka, anabonyeza.

"Mama, hapo umebonyeza na mimi sijapiga mlio."

"Mimi husikia mapema."

Nabangala akacheka, akamgeuza aelekee ukutani. Huko mambo yakawa wazi.

"Sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka, Mama. Ndege, miluzi, nguo zinazochakacha."

"Ukoo wetu hauna viziwi!"

"Sijasema uziwi. Nimesema umri."

"Hilo ndilo tusi kubwa zaidi."

Hata hivyo alikubali kujaribu kifaa kilichokuwa kikichunguzwa: utando laini kama ganda la kitunguu, wa plastiki inayopitisha umeme, unaobandikwa nyuma ya sikio, unase sauti na kuipeleka ndani kwa uzi mwembamba. Alitoa sharti moja tu: kilemba kiufunike, mtu asione.

Hatua mbili nje ya mlango, akashika ukuta. Kilemba chake, kitenge cha nta, kilikuwa kikiusugua ule utando na kunguruma kama mvua ya mawe juu ya mabati. Akitikisa kichwa, radi. Akirudi kulalamika, gharika.

"Basi achia sikio wazi," Nabangala akasema.

"Wazi? Watu waone?"

"Au usikie kilemba mpaka Jumamosi."

Jumamosi Oloo akaja, robota lilelile begani, akasimama mlangoni bila salamu. Majirani wakaacha kupima nguo zao. Mama Julienne alimtazama, akawatazama wao, kisha akakipandisha kilemba taratibu mpaka sikio likatokeza pamoja na ule utando. Muuza mashuka mmoja akanong'ona, akimwita mama kwa Kiganda, "Nnyabo ameota nini pale?"

"Nimekusikia, wewe wa mashuka!" akajibu bila kugeuka. Akavuta kitenge kutoka kwenye robota la Oloo, akakifinya. Kikachakacha hadi machozi yakamlengalenga.

"Mzigo wa Oloo ni mzima," akatangaza. "Masikio yangu ndiyo yaliyougua. Nilimwonea."

Oloo akaweka robota chini, tabasamu likimponyoka. "Rudia, Mama. Wa kule mwisho hawajasikia."

"Waende kwa Nabangala wakapimwe!"