Bia Aliyoimwaga Kaka Yangu

Niliporudi kutoka kazini nilikuta mitungi yangu minne ya kioo imepangwa kifudifudi juu ya taulo safi, kando ya sinki la kufulia kule besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa, na chumba kizima kilinuka klorini. Kaka yangu alikuwa juu jikoni anakunywa chai. Aliponiona nimesimama mlangoni nikiwa bado na koti, alisema kwa upole, "Nimekusaidia kusafisha."

Mimi ni nesi. Nimetukanwa na wagonjwa, nimeambiwa na jamaa zao nirudi nilikotoka, na nimemeza. Lakini ile taulo sikuweza kuimeza. Mtu alikuwa ameharibu kazi yangu, kisha akaitandikia taulo.

Nyumba yangu iko Brooklyn Center, huku Marekani, ndogo na ya zamani. Nilipoinunua nilikuta mmea umetambaa ukuta wa gereji mpaka paani. Kila baridi ulikauka nikadhani umekufa, na theluji ikiyeyuka ukachomoza tena. Mwisho wa kiangazi ulitoa vishada vya maua ya kijani, laini kama karatasi, ambayo ukiyafikicha yanakuachia unga wa manjano unaonata vidoleni. Jirani yangu, ajuza wa Kizungu aliyeishi mtaa huo tangu ujana wake, ndiye aliyenieleza kwamba ni hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia ili ipate uchungu na harufu. Aliyeipanda alikuwa mwenye nyumba wa zamani, ambaye alishafariki.

"Ni aina gani?" nilimuuliza.

"Sijui. Yeye alikuwa akisema tu ni hopsi yake."

Swali hilo lilinikaa. Kazini kwetu, hospitalini Saint Paul, kuna Mtanzania mmoja wa maabara anayejipikia bia nyumbani kwake. Nilimpelekea maua kwenye mfuko. Akayanusa, akakuna kichwa.

"Dada, kwa kuangalia tu siwezi kukudanganya," alisema. "Ukitaka kuijua, ipikie bia."

Akanieleza jinsi ya kufanya. Unapika bia moja ile ile mara nne, kimea kile kile, hamira ile ile, maji yale yale. Mitungi mitatu unaitia hopsi za dukani, kila mmoja aina yake, ambazo majina yake yanajulikana, na wa nne unautia hopsi yako. Ikishachacha na kutulia, unaonja bila kujua ipi ni ipi. Ile itakayofanana na yako, hiyo ndiyo ndugu yake.

Tulipika naye Jumapili mchana jikoni kwangu. Kimea kilipoanza kuchemka, mvuke wake ulinipiga usoni nikalazimika kuketi kidogo. Mama yetu alikuwa mpika busaa, pombe ya mahindi iliyopigwa marufuku, magharibi mwa Kenya. Mimi ndiye niliyegeuza unga kwenye bati la moto huku moshi ukinitoa machozi. Askari wa chifu walipokuja na kumchukua, mimi ndiye niliyempelekea uji kituoni asubuhi. Kaka yangu hakuyaona hayo. Alikuwa shule ya bweni, na karo yake ilitoka kwenye yale madumu ya busaa.

Sasa kaka huyo ni msimamizi kwenye ghala moja huko Shakopee, na kanisani kwetu alikuwa anaandaliwa kuwa mzee wa kanisa. Baridi ilipokaza, bomba lilipasuka katika nyumba aliyopanga, sakafu ikaloa yote. Nilimpa chumba cha besimenti bila kufikiria mara mbili. Alipita kando ya ile mitungi kila siku, akaiona inatoa mapovu, asiniulize neno. Angeniuliza, ningemjibu.

"Kilichokuwa mle kilikuwa changu," nilimwambia siku ile jikoni.

"Ilikuwa pombe."

"Najua ilikuwa nini. Mimi ndiye niliyeipika."

"Jumamosi watu wa maombi wanakuja hapa. Ulitaka washuke chini wakute hayo?"

"Umewaalika kwangu bila kuniuliza, halafu umemwaga vitu vyangu bila kuniuliza."

Aliweka kikombe chini taratibu, kama anavyofanya akitaka kuongea na vijana wa kanisani. "Sista, tulitoka huko. Mungu alitutoa. Unaturudisha kwa nini?"

"Wewe ulitolewa na busaa," nilisema. "Kila kitabu ulichosoma."

"Usimwingize Mama. Mama alitubu."

"Aliacha kupika ulipomaliza chuo. Wakati kulikuwa na karo hakuna aliyemwambia atubu, hata wewe."

Alichukua kikombe chake, akakiosha, akakiweka kifudifudi. Nilimwambia atafute pa kwenda.

Kabla sijavua hata koti, Mama alipiga simu. Kumbe kaka alikwisha kumpigia yeye kwanza.

"Nasikia unapika pombe huko Marekani," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Ya mahindi?"

"Ya shayiri. Kuna maua yanatiwa. Nilitaka kujua ni maua gani."

"Na amemwaga kabla hujaonja?"

"Ndiyo."

"Hapo amekosa. Mtu huonja kwanza." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya kumkinga mwanawe, ninayoijua tangu utoto. "Lakini usimfukuze, mwanangu. Huko ni baridi."

Nilikubali kwa ajili yake, na kukubali kwenyewe kukaniongezea hasira. Jumamosi watu wa maombi walipokuja, niliomba shifti ya ziada nisiwepo kuwapikia chai. Niliendesha gari njia nzima meno yameumana.

Hakujua kwamba nilikuwa na mfuko mwingine wa maua kwenye friza, chini ya samaki. Nilimwambia yule Mtanzania kilichotokea. Alisikitika, kisha akauliza kama nataka kuanza upya.

"Nataka," nilisema. "Na safari hii mitungi inakaa sebuleni."

Tukaiweka hapo, kando ya televisheni, mahali ambapo mtu hawezi kuingia nyumbani asiione. Nilimwambia kaka waziwazi kwamba akiigusa, nitasimama kanisani na kueleza karo yake ilitoka wapi. Aliniangalia kama mtu asiyenifahamu. Wiki hiyo hiyo alifungasha, akahamia kwa rafiki yake. Sikumsindikiza mlangoni.

Siku ya kuonja tulikuwa watatu, mimi, Mtanzania na yule jirani, aliyekuja na glasi zake mwenyewe. Mtanzania alimimina kwa siri, akabandika namba. Ya kwanza ilinuka balungi. Tukaitoa mara moja, haikuwa yangu. Nyingine ilikuwa na ubaridi wa nanaa, nayo tukaitoa. Zikabaki mbili, na hizo hatukuweza kuzitenganisha. Zote zilikuwa na harufu ya zambarau zilizoiva na kuangukia udongo uliolowa. Mtanzania akabadilisha mpangilio tukaonja tena, tukachanganyikiwa pale pale. Alipofunua namba, moja ilikuwa yangu na ya pili ilikuwa Cluster, hopsi ya zamani iliyolimwa nchi hii kabla ya hizi zinazopendwa siku hizi.

"Ulimi si maabara, dada," alinionya. "Huenda ni Cluster yenyewe, huenda ni mtoto wake. Lakini ni ya ukoo huo."

Ilinitosha. Jirani alirudia jina hilo mara kadhaa, akasema ni ajabu kukaa karibu na kitu miaka yote hiyo bila kujua jina lake. Nilifurahi nao, lakini furaha yangu ilikuwa na ukali ndani, kwa sababu jibu hilo ningelipata wiki nyingi nyuma, bila kugombana na mtu.

Pasaka kaka alitawazwa kuwa mzee wa kanisa. Nilikwenda, ni kaka yangu. Katika ushuhuda wake alisema mama yetu alikuwa mjane maskini aliyeuza mboga akatusomesha. Watu wakaitikia amina. Mama hakuuza mboga hata siku moja.

Sikusimama. Lakini wakati wa chakula, ukumbini, mama mmoja wa meza yetu aliniambia namna ushuhuda ule ulivyomgusa, hasa ile habari ya mboga. Nikaweka kijiko chini.

"Hakuuza mboga," nilimwambia. "Alipika busaa. Alilala kituoni kwa ajili yake."

Mmoja mezani akainuka kwenda kuongeza chai. Mwingine akacheka chinichini, akasema kwao ilikuwa chang'aa, ile pombe kali. Kaka yangu alikuwa meza ya pembeni, na nilijua amesikia, kwa maana shingo yake ilikakamaa na hakugeuka.

Tangu hapo tunaongea kuhusu dawa za Mama tu, kwa ujumbe mfupi. Hajaniomba radhi, na mimi sioni la kumwomba. Mama huniuliza kila nikipiga simu kama tumepatana. Namwambia bado.