Shamba la Pamba Lililogeuka Kijiji

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya sitini ikianza, nyapara wetu wa ujenzi pale Tororo alinipa timazi, uzi wenye kipande cha risasi wa kupimia kama nguzo imesimama wima. "Usiamini macho," akasema. Kwake nilijifunza kupaka nguzo oili chafu ili mchwa wasile, kufunga fito, na kukandika, yaani kujaza ukuta udongo.

Mwaka uliofuata mvua haikukatika. Ziwa likapanda, likameza vijiji vilivyokuwa chini ya mlima wa Lunyo, nasi tukapelekwa huko kwa lori kuwajengea watu makazi mapya. Nilidhani nitakuta vilio. Nilikuta wanawake wakivua samaki katikati ya mihogo yao.

Nyapara aliamua tujenge juu kabisa mlimani. Mama Taaka, mkaushaji wa samaki, akamkatalia.

"Huko juu sisi nakwenda, mitumbwi nani atalinda? Samaki hapandi mlima."

Mteremko mkavu wa karibu ulikuwa shamba la pamba la Mzee Wandera. Yeye na wavuvi hawakuwa wakisalimiana tangu mbuzi wao walipokula miche yake. Nyapara akavua kofia, akamwomba. Mzee aliteremka peke yake hadi majini, akawakuta watoto wa wavuvi wamelala ndani ya mtumbwi, wamefunikwa tanga.

Aliporudi alisema, "Ngojeni nivune kwanza. Halafu pigeni vigingi vyenu."

"Nawe unataka nini, Mzee?" Nyapara akauliza.

"Nikisalimia, nijibiwe."

Kesho yake wavuvi walikuja kumvunia. Mikono iliyozoea nyavu ilichanwa na vikonyo vya pamba, na mzee akawacheka hadi wakacheka naye. Kisha tukasimamisha nyumba. Sisi tulileta misumari, wao wakaleta nguzo, na Mama Taaka akawaongoza wanawake kukandika.

Baadaye nilihamishiwa Mwello, kisha Masinya, nikajenga madarasa na zahanati mpaka nikastaafu. Nilipoanza nyumba yangu mwenyewe hapa Masinya, asubuhi moja niliwaona watu wakiingia uani na majembe na samaki wakavu: wana wa Taaka na wana wa Wandera. Habari waliipata sokoni.

Nikakunja suruali niingie udongoni.

"Kaa, mzee," wakaniambia. "Leo si kazi yako."

Nikakaa.