Milimita Kumi na Tisa

Kwa miaka ishirini na miwili Gunnvor Haugo, mjane wa bonde la Skardal, milimani Norwei, alikuwa akipima mvua. Kila asubuhi alivaa viatu vya mpira, akashusha kopo lililokaa juu ya nguzo nyuma ya zizi, akamimina maji kwenye gilasi yenye mistari, akaandika daftarini. Jirani yake Embrik, mfugaji wa kondoo, hakukosa neno.

"Leo umetuletea ngapi, bosi wa mawingu?"

"Za kukutosha kuoga, ukikumbuka."

Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1986, baada ya mvua ya usiku kucha, alisoma milimita kumi na tisa. Maji hayakuwa na rangi wala harufu. Akayamwaga kwenye nyasi, akaenda kukanda mkate. Jioni redio ikataja kinu cha nyuklia kilicholipuka Chernobyl, mbali kabisa, nchi kadhaa kuelekea mashariki. Gunnvor aliwaonea huruma watu wa huko, kisha akalala.

Wiki mbili baadaye alifika mtaalamu kutoka Oslo, msichana aitwaye Turid, na kifaa cha kupimia mionzi, kilicholia tik-tik kila alipokishusha penye majani. Njia ya upepo wataalamu walishaijua. Walichokuwa wakitafuta ni mahali mvua ilipoliangusha vumbi la sumu lililotoka kwenye kinu kile, na usiku ule bondeni hapakuwa na kipimo kingine ila kopo la Gunnvor.

"Mama, una hakika ni kumi na tisa? Bonde la pili wamepata mbili tu."

"Binti yangu, siandiki nisichokiona."

Turid akanakili. "Basi ni hapa."

"Sasa tufanyeje?"

"Nyumbani, osha mboga vizuri. Kule juu..." Akautazama mlima. "Mlima haufuliki, mama."

Juni kondoo wa Embrik wakapanda malishoni kama kawaida. Nyasi nyingine zingetoka wapi? Septemba wakateremka, wana-kondoo wamenona kuliko mwaka wowote. Mpimaji wa serikali akawabandika kifaa mapajani mmoja mmoja, akitikisa kichwa kila mionzi ilipozidi kiasi. Wana-kondoo tisini wa Embrik wakachinjwa na kufukiwa shimoni.

Siku hiyo Embrik aliingia jikoni kwa Gunnvor bila kubisha hodi. Kiti alikikataa, na kahawa vilevile.

"Ungeandika mbili, ungekufa?"

"Embrik, nyama ingekuwa ileile."

"Najua." Akasimama akiishika kofia yake. "Najua, Gunnvor. Lakini ungeandika mbili."

Hakumtania tena. Miaka iliyofuata kondoo waliteremshwa mapema na kulishwa majani ya kununua kwa wiki nyingi, hadi kipimo kishuke. Kiliposhuka, ukaja mwaka wa uyoga mwingi, ambao hufyonza sumu ile ardhini, kondoo wakaula, kikapanda upya. Mwaka wa saba Embrik aliuza kundi lote, akahamia kwa binti yake, mjini Drammen. Gunnvor alimwona akifunga lango, akainua mkono. Hakujua kama Embrik alimwona.

Yeye aliendelea kupima, ingawa sasa mvua ikigonga paa usiku alikaa macho, na asubuhi nyingine alisimama kando ya nguzo muda mrefu kabla ya kulishusha kopo. Vuli moja Turid alipiga simu kuomba tarakimu za mwezi. Gunnvor alimsomea zote, kisha akauliza lile alilokuwa amelikalia miaka yote.

"Hivi sumu hii itaisha lini?"

"Nusu yake kuisha inachukua miaka thelathini, mama. Halafu nusu ya iliyobaki, thelathini mingine."

Gunnvor alikuwa na miaka sitini na minane. Akamshukuru kwa kupiga simu, akakata.