Aliyesimama wa Kwanza Sokoni Ngara

Ukitaka kumjua fundi Were, niulize mimi. Wengine watakuambia tu kwamba hushona suruali zisizochanika ukiinama, na hiyo ni kweli. Yangu ya harusi bado naivaa, ingawa kifungo cha juu kimeniasi. Lakini hawajui kwamba ufundi alifundishwa na mfungwa wa vita, Mwitaliano ambaye Were mwenyewe alimlinda kambini Nanyuki alipokuwa askari.

Huyo Mwitaliano alikuwa fundi kwao, na ndiye aliyeshona mjini mwao mashati meusi ya kwanza, sare ya chama kilichokuja kuitawala nchi yao kimabavu.

"Mwanzoni walikuwa wahuni wachache na mtu mmoja wa maneno mengi," alimwambia Were. "Tuliwacheka. Wakaanza kupiga wafanyakazi waliogoma. Matajiri wakafurahi, wakawapa pesa. Wakubwa wa serikali wakasema, huyu tutamfuga kama mbwa wa getini. Wakampa cheo wenyewe, kwa mkono wao. Baada ya miaka michache hakuna kura, hakuna gazeti, na mimi nashona mashati tu."

Were alitusimulia hayo mara nyingi kibandani kwake Ngara, pini mdomoni. Sisi tulidhani ni mambo ya Wazungu.

Halafu mwaka wa sabini na moja wezi wakaanza kuvunja vibanda. Mwenyekiti wa chama chetu cha soko alikuwa Odhiambo, muuza sufuria, shemeji yangu. Mtu wa sauti tamu. Dada yangu hakumpendea sura. Odhiambo akaleta vijana wa kulinda. Wizi ukapungua, tukampigia makofi, yangu yakisikika mpaka Parklands. Kisha vijana wakaanza kula matunda ya watu bila kulipa. Kisha Odhiambo akipita, lazima usimame. Kisha akasema wezi wanafichwa na akina mama wanaouza chini, juu ya magunia, na kwamba wakifukuzwa soko litapona. Mmoja wao alikuwa Kalekye, mjane muuza mapapai, aliyekaa mbele ya kibanda cha Were. Hakuwa na pahali pengine pa kwenda.

Siku moja Odhiambo akaingia kwa Were na bunda la kitambaa cheusi.

"Fundi, nishonee vijana mashati. Yote sawasawa."

Were akakisugua kwa kidole. "Kitambaa kizuri, Mwenyekiti. Kirudishe dukani."

"Unakataa kazi?"

"Hii nakataa. Ukiwa na suruali, lete."

"Haya. Jumapili kuna mkutano. Tutaona nani atabaki hapa."

Jumapili tukakusanyika nyuma ya soko, vijana wametuzunguka na rungu. Odhiambo akatangaza mambo mawili: hakuna kura tena mpaka soko litulie, na watu wa magunia wanatoka kesho.

"Anayepinga asimame."

Kalekye alikuwa anatazama miguu yake. Mimi nilikuwa tayari kabisa, sema tu mguu ulikuwa umekufa ganzi. Were akasimama, tepu ya kupimia shingoni.

"Mimi napinga. Huyu mama ni jirani yangu."

Kijana mmoja akamsogelea. Ndipo mtu wa pili akasimama, na wa tatu, halafu benchi nzima, na yule kijana akajikuta amezingirwa na wazazi wa rika la mamake. Akashusha rungu. Kura tukapiga papo hapo. Odhiambo akarudi kwenye sufuria zake, na mwaka uliofuata Were akamshonea kaunda suti iliyomkaa vizuri.

Sasa shida ni moja. Ukipita Ngara leo, nusu ya soko watakuapia kwamba wa pili kusimama siku ile ni wao. Were hucheka. "Yule Mwitaliano aliniambia kwao pia vita vilipoisha, hakupatikana aliyewahi kuvaa lile shati."

Wa pili nilikuwa mimi, na nimeandika ili ijulikane. Kalekye bado yuko pale pale na mapapai yake. Kila asubuhi humpa Were moja bure, na lingine Nyakio muuza maharagwe, sijui kwa nini. Mimi hunilipisha. Nadhani macho yake yameanza kuzeeka.